Kaa Asiyeliwa

"Mwanangu, huyo haliwi."

Aliniambia mama mmoja anayeokota chaza pale Kunduchi, maji yakiwa yamekupwa, aliponikuta nimechuchumaa kwenye tope la mikoko na ndoo ya kaa wadogo, magamba yao sentimita mbili hivi kwa upana. Alinionea huruma. Wiki mbili baadaye, mjumbe mmoja wa kamati iliyopitia pendekezo langu la utafiti wa uzamili aliniambia neno lilelile kwa maelezo marefu zaidi: kuainisha kaa hakuna soko, hakuna wafadhili, na ni elimu iliyopitwa na wakati. Akanishauri nihamie kwenye unenepeshaji wa kaa koko. Mama nilimshukuru. Huyu wa pili ndiye ninayemjibu hapa.

Kaa mwenyewe umeshamwona kama umewahi kutembea kwenye mikoko ya Kenya, Tanzania au Msumbiji. Jike ana magando mawili madogo. Dume ana dogo moja la kulia chakula na jingine kubwa kupita kiasi, utadhani kaazimwa na mnyama mwingine. Maji yakipwa, madume husimama kwenye midomo ya mashimo yao na kupunga lile gando kubwa kama makonda wanaoita abiria, ili majike wapite kwao.

Kwa muda mrefu sana vitabu vilimwita annulipes, jina alilolitoa Mfaransa Henri Milne Edwards mwaka 1837. Mwaka 1975 Jocelyn Crane, katika kitabu chake kikubwa kuhusu kaa wa kundi hili duniani kote, akamshusha kuwa nususpishi. Kisha mwaka 2016 Naderloo, Schubart na Shih wakalinganisha maumbile na vinasaba, wakaonyesha kwamba kaa wa pwani yetu si annulipes. Annulipes halisi ni wa upande wa Asia. Wa kwetu wakampa jina la occidentalis. Mwaka huohuo jenasi kongwe ya Uca ikagawanywa kuwa jenasi 11, naye akaangukia Austruca. Miaka 179 alikuwa akiishi kwa jina la jamaa yake.

Occidentalis maana yake ni "wa magharibi". Sisi tunaojiita Afrika Mashariki tuna kaa wa magharibi, kwa sababu ukiitazama Bahari ya Hindi nzima, sisi tuko ukingo wa magharibi. Jina halina kosa. Kinachoniuma ni kwamba watafiti hao watatu walikuwa wakifanya kazi Iran, Ujerumani na Taiwani, na kaa alikuwa mlangoni kwetu. Hatukunyang'anywa kitu. Tulikuwa tunampita tukielekea kwenye miradi yenye bajeti.

Najua swali linalofuata: jina likibadilika, nani kapungukiwa? Mwaka 1998 jarida la Nature lilichapisha utafiti kutoka Msumbiji kuhusu madume wanaopunga magando kwa pamoja, kama kwaya. Ni kazi nzuri, na ukutani kwangu ningeibandika. Ila kaa wake anaitwa annulipes. Leo mwanafunzi anayemtafuta kaa wetu kwa jina lake sahihi anaweza kuikosa kabisa, na mwenzake anayechunguza annulipes huko Asia anaweza kuibeba akidhani inamhusu mnyama wake. Makala zote za pwani yetu zilizoandikwa chini ya jina hilo zina mtego uleule. Si suala la adabu ya majina. Ni kujua tulichopima kilikuwa ni nini.

Na huyo kaa koko niliyeelekezwa kwake? Hadi mwaka 1998, majina ya kaa koko yalikuwa vurugu tupu. Keenan, Davie na Mann ndio waliopanga upya jenasi ya Scylla na kuonyesha kwamba ina spishi nne, ambazo hazilingani kwa ukubwa wala kwa mahali zinapopenda kuishi. Mfugaji anayesoma ripoti ya zamani ya ukuaji wa kaa koko kutoka nchi nyingine anapaswa kujiuliza ni kaa yupi hasa aliyekuwa kwenye lile bwawa. Kwa hiyo hata huyo anayeliwa, mwenye soko na wafadhili, anasimama juu ya kazi ya watu waliokaa kwenye hadubini wakihesabu miiba ya magando. Mjumbe wangu anataka paa, msingi anauita kupoteza muda.

Nakubali, kazi yenyewe inachosha. Unampindua dume, unafunua tumbo lake lililokunjwa, unachomoa kiungo cha uzazi chembamba kama uzi, unachora ncha yake, unafuta, unachora tena. Lakini haihitaji meli wala maabara ya mabilioni. Haihitaji hata Kiingereza: kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama inapendekeza lugha zinazotumika sana katika fani, hailazimishi. Spishi mpya ikielezwa kwa Kiswahili, kwa kufuata masharti mengine, jina lake linasimama. Sijaona kazi nyingine ya sayansi iliyotuachia mlango wazi kiasi hicho.

Kwenye maabara yetu ya kufundishia kuna chupa ya kaa hawa, wamepauka ndani ya spiriti, na lebo inasema Uca annulipes. Niliomba ruhusa ya kuirekebisha. Nikaambiwa niiache, mtihani wa vitendo unatumia jina hilo. Basi niliandika lebo nyingine kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti: Austruca occidentalis, na tarehe. Ya zamani sikuitoa, haitolewi. Nimeziacha zote mbili humo ndani, moja nyuma ya nyingine, na mtihani ni mwezi ujao.