Kufomati Si Ufundi

Wasee, nitasema hii na najua kuna watakaonuna: mtu ambaye jibu lake kwa kila seva iliyokataa ni "fomati tu tuanze upya" si fundi. Ni mtu mwenye flashi na haraka.

Naongea kuhusu seva za Linux, hasa ile siku unapandisha toleo na kitu kinakwama katikati. Msaada wa kawaida wa Ubuntu 20.04 uliisha Mei 2025, kwa hivyo watu wengi wamebidi wahamie 22.04, na kuhama huko kumeleta vilio. Vilio vingi nimeitwa kuviangalia, data ilikuwa pale pale. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma.

Chukua hii. Kuna duka la vipuri vya magari hapa Nairobi lenye kompyuta moja chini ya kaunta, inaendesha mfumo wa mauzo. Ndani kuna stoki, na muhimu zaidi, kuna madeni: mekanika gani alibeba brekipedi akasema atalipa Ijumaa. Fundi wao alipandisha toleo, mfumo ukakataa kufunguka. Akachungulia hifadhidata, akaikuta tupu, akamwambia mwenye duka data imeenda, aongeze pesa afomati na kuweka mfumo mpya. Nilipofika mimi, mama aliniuliza swali moja tu: "Kijana, madeni yangu yako ama hayako?"

Niliandika amri moja, pg_lsclusters. Kazi yake ni kukuonyesha hifadhidata zote za PostgreSQL zilizo kwenye mashine. Ilileta mistari miwili. Toleo la 12: imezimwa, programu yake haipo. Toleo la 14: inafanya kazi.

Hebu tulia hapo, kwa sababu hadithi yote iko kwa hiyo mistari miwili. Ubuntu 20.04 inakuja na PostgreSQL 12, na 22.04 inakuja na 14. Ukihama, ile mpya inawekwa kando ya ile ya zamani, ikiwa tupu, na inapewa mlango wake wa 5433 kwa sababu 5432 tayari una mwenyewe. Data yako haiguswi. Halafu mwishoni mashine inakuuliza kama ifute programu zilizopitwa na wakati, na watu wanabonyeza "y" kama wanakubali masharti ya WiFi ya bure. Programu ya 12 inaondoka, lakini folda ya data, /var/lib/postgresql/12/main, inabaki imekaa. Yule fundi aliingia nyumba mpya, akakuta haina viti, akatangaza kuna wizi.

"Yako, mama," nikamwambia. "Nipe muda kidogo."

Kabla ya kugusa chochote, nilinakili ile folda nzima kwa diski ya nje. Kisha nikarudisha programu ya 12 kutoka hazina ya PostgreSQL wenyewe, nikaondoa ile 14 tupu, nikaendesha pg_upgradecluster 12 main. Inasikika rahisi, lakini hatua ya kuondoa ndiyo ya kukutoa jasho. Amri ni pg_dropcluster --stop 14 main. Ukiandika 12 mahali pa 14, umefuta madeni ya miaka na hakuna atakayekuuliza mara ya pili. Ile namba niliisoma mara tatu. Na hata baada ya majina ya mekanika kurudi kwa skrini, ile ya zamani tuliiacha tu, imezimwa, hadi mama alipofunga hesabu za mwezi na kuona zimelingana.

Sasa fikiria angekubali kufomati.

Kuna wale watasema siku hizi hakuna anayetibu seva, unaitupa unawasha nyingine. Nakubali, kama mipangilio yako imeandikwa mahali na data inaishi kwingine. Kampuni kubwa zinafanya hivyo na ni vizuri. Lakini mashine iliyo chini ya kaunta ndiyo seva, ndiyo bakapu, na wakati mwingine ndiyo pia inapiga muziki dukani. Hiyo huwezi kuitupa.

Na ukubwa pekee hauokoi mtu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab aliyekuwa akipambana na hifadhidata usiku alifuta folda kwa seva ambayo siyo aliyokusudia. Takriban GB 300 zikabaki GB 4.5. Walipokimbilia bakapu ya kila siku, haikuwepo. Programu ya kuitoa, pg_dump, ilikuwa inatumika ya toleo 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa 9.6, kwa hivyo ilikuwa inakataa kila siku, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinarudishwa njiani. Yaani toleo moja lilipanda, lingine likabaki nyuma, na hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono masaa 6 hivi kabla. Ninachowapendea ni kwamba walieleza kila kitu hadharani, hata kazi ya kurejesha wakaionyesha moja kwa moja YouTube.

Shida yetu kubwa, mimi naona, ni kuogopa maandishi. Mtu amesoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne, lakini mashine ikimwandikia mistari 40 anaruka hadi ule wa mwisho. Ule wa mwisho huwa hauna maana, unasema tu kuna kitu kimekataa. Panda juu utafute kosa la kwanza. Kama umefunga dirisha, yote yamehifadhiwa kwenye /var/log/dist-upgrade na /var/log/apt/term.log. Mara nyingi utakuta ni kitu cha aibu, kama /boot kujaa keneli za zamani, ambayo df -h ingekuonyesha mapema. Stima ikipotea katikati, apt yenyewe inakuambia uendeshe dpkg --configure -a. Imekuandikia dawa na wewe unatafuta flashi!

Halafu kuna huu ugonjwa wa kunakili amri bila kuuliza. apt ikisema kuna programu nyingine imeshika kufuli, mtandao au roboti ya AI inaweza kukuambia ufute faili ya kufuli. Manze, uliza kwanza nani ameishika. Inaweza kuwa ni masasisho ya kiotomatiki yanaendelea, na ukivunja kufuli programu mbili zinaandika mahali pamoja. Hapo sasa ndipo utakuwa na seva iliyoharibika kweli.

Na hiyo 22.04 nayo, msaada wake wa kawaida unaisha 2027, kwa hivyo hii kazi inarudi. Ukikwama niandikie, nitajibu. Lakini nitumie logi yote, si picha ya skrini iliyokatwa nusu na kidole chako juu yake.