Chupa Moja ya Mvinyo Ilimtoa Kiongozi Ofisini, na Bado Wasee Wanaipigania Mnadani

Hapa Kenya ukisikia neno mnada, akili inaenda moja kwa moja kwa madalali wakibeba sofa na TV ya jirani aliyelemewa na loni. Badilisha hiyo picha kidogo. Huko Australia kuna wasee wamekaa kwa mnada wakipigania chupa moja ya mvinyo mwekundu, mililita 750 tu, hadi bei inapita dola 100,000 za huko. Kwa pesa zetu hiyo ni zaidi ya milioni nane. Buda, hiyo ni ploti Kitengela na mawe ya kuanzia.

Chupa yenyewe ni Penfolds Grange ya mwaka 1951, ya zabibu za Syrah, ambazo Waaustralia wanaziita Shiraz. Na usidhani ni utamu unalipiwa. Mzigo wa 1951 ulikuwa wa majaribio na haukuwahi kuuzwa dukani. Aliyeutengeneza, Max Schubert, aligawia watu bure. Zilizobaki leo ni chache sana, na tajiri anayetaka kila mwaka wa Grange kwa stoo yake lazima aipate hiyo ya kwanza. Hapo ndipo wanaanza kuvuana mashati.

Stori ya huyu Schubert ni noma. Mwaka 1950 alienda Ulaya, akaona vile watu wa Bordeaux wanatengeneza mvinyo wa kulala miaka na miaka, akarudi Adelaide akasema hata sisi tunaweza. Wakubwa wake walipoonja wakakunja sura. 1957 wakamwambia aache hiyo maneno. Jamaa akaendelea chini ya maji! Mizigo ya 1957, 1958 na 1959 ilipikwa kisiri na kufichwa. Baadaye ile ya kwanza ikaiva, wakubwa wakaonja tena, wakageuza wimbo. 1960 akaruhusiwa kurudi kazini wazi wazi.

Shika hiyo 1959 vizuri, ndiyo iliangusha mtu.

Aprili 2014, Barry O'Farrell, kiongozi wa serikali ya jimbo la New South Wales, aliitwa mbele ya tume ya kupambana na ufisadi. Akaulizwa kama alitumiwa Grange ya 1959 alipochaguliwa 2011. Bei yake ilikuwa kama dola 3,000 za Australia, robo milioni hivi ya Kenya leo. Aliyetajwa kuituma alikuwa bosi wa kampuni ya maji iliyokuwa ikitafuta dili na serikali. O'Farrell akakana kwa kiapo, eti zawadi kama hiyo angeikumbuka. Na ungemwamini, kwa sababu 1959 ndio mwaka aliozaliwa. Siku iliyofuata ikaletwa kadi ya asante, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Akajiuzulu siku hiyo hiyo.

Tume yenyewe ilisema hakuwa na nia ya kuwapotosha, na hakuna aliyempata na hatia ya hongo. Lakini hebu fikiria. Pesa kwa bahasha inaweza kuhesabiwa, gari lina logbook, shamba lina title. Chupa haina jina la mtu, inaingia kwa begi, na ukitaka kuharibu ushahidi unaunywa na nyama choma. Bei yake lakini inajulikana mpaka kwa senti, kwa sababu mnada unaiandika kila ikiuzwa. Kama si mnada, hiyo ingekuwa tu pombe ya zamani na hakuna angeweza kusema ni ya thao ngapi.

Sasa wewe ukiomoka utake yako, rada ni hii. Bei ya nyundo si ile utalipa: nyumba ya mnada inaongeza komisheni yake juu, mara nyingi asilimia 15 kwenda juu, na ukiileta Nairobi KRA wako hapo wanangoja. Kisha uliza ililala wapi. Mvinyo wa kuzeeka unataka giza na baridi ya kama nyuzi 13, chupa imelazwa ubavu ili kizibo kisikauke. Angalia pia kiwango chake: kama umeshuka kutoka shingoni hadi mabegani, hewa imeingia, na huenda unanunua siki ya bei ghali.

Halafu kuna wash wash. Rudy Kurniawan aliuzia mamilionea wa Marekani mvinyo feki aliouchanganya nyumbani kwake California, akabandika lebo za Ufaransa, na wajuaji wakakunywa wakisifu. Alishikwa 2012, akapewa miaka 10. Aliowakanyaga si washamba, ni watu wenye stoo zimejaa.

Kwa Grange angalau kuna njia. Tangu 1991 Penfolds wana kliniki, ndio, kliniki, ambapo unapeleka chupa iliyopita miaka 15. Wanaikagua, ikihitajika wanaifungua, wanaonja kidogo, wanajaza palipopungua na kuweka kizibo kipya. Ikiwa bado poa wanaipa cheti. Ikiwa imeoza unarudishiwa bila cheti, na hapo mnadani utaongea na nani?