"Mama, mechi haijaisha"

Saa nne usiku, Lizaboni, Manispaa ya Songea. Mama anamwita mwanawe wa kidato cha pili kwa mara ya tatu. "Baba, zima hiyo simu ulale." Jibu ni lile lile: "Mama, mechi haijaisha, nitawaangusha wenzangu." Mama anamnyang'anya simu, mtoto anabamiza mlango, na nyumba nzima inalala na hasira.

Wazazi wengi wakiona bunduki kwenye kioo cha simu, hofu yao huishia hapo. Hofu hiyo ina msingi, kwani michezo hii haikutengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo. Lakini mara nyingi kinachomkesha mtoto si silaha, ni timu.

Chukua mfano wa Call of Duty: Mobile, mchezo uliotoka Oktoba 2019. Kuna mechi ya watano kwa watano, ambapo aliyeuawa hurudi baada ya sekunde chache. Kwa kawaida haizidi dakika 10. Kuna ya kuteka na kulinda vituo vitatu. Kuna ya bomu, ambapo aliyeuawa husubiri hadi raundi inayofuata. Na kuna ya kubaki wa mwisho, yenye wachezaji hadi 100, inayoweza kufika dakika 20 au zaidi.

Silaha nazo hugawa kazi. Mdunguaji hukaa mbali, mwenye shotgan huingia ndani ya majengo, na mwenye bunduki ya rashasha huwakinga wenzake. Mmoja akitoka, timu inabaki pungufu, na kwenye mechi za kupanda daraja anayekimbia hupoteza pointi. Kwa mtoto, "zima sasa hivi" ni sawa na kuambiwa atoke uwanjani huku timu yake ikishambuliwa.

Gharama yake kiafya ni usingizi. Wataalamu hushauri vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Anayelala saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi shule amepata saa 4 tu.

Ufanye nini, mzazi? Pangeni kwa mechi, si kwa dakika. Siku za shule, mechi mbili fupi baada ya kazi za nyumbani, ya mwisho ianze kabla ya saa mbili na nusu usiku. Ile ya watu 100 isubiri Jumamosi. Simu ilale chumbani kwa mzazi. Siku moja kaa naye utazame, umuulize wenzake ni akina nani. Kama hawajui, azime kipaza sauti.

Tangu Januari 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inatambua uraibu wa michezo hii. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuupa mchezo kipaumbele kuliko mambo mengine, na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi 12. Ukiona mtoto ameacha kula, masomo na marafiki, usingoje mwaka uishe, mpeleke hospitali.

Kwa wengine, makubaliano yanatosha. Mtoto akijua mechi ya mwisho ni ipi, huaga wenzake mwenyewe.