Mlango wa Gari, Ukuta wa Nyumba na Haki ya Jirani



Mzazi mmoja wa Kahama, ambaye watoto wake wamesoma kwetu, alitujia na swali. Alisema: "Maalim, nataka kuubadili mlango wa banda la gari nyumbani kwangu. Je, ni lazima niende halmashauri kuomba kibali? Kwani nyumba si yangu?"

Twaona swali hili si lake peke yake. Katika miji yetu ya Shinyanga, Kahama na Geita, dhahabu na biashara zimewapatia watu wengi magari, pikipiki na bajaji. Nyumba zilizojengwa kwa ajili ya kulala watu tu, sasa zatakiwa zilaze vyombo vya moto pia, maana wezi hawalali. Basi kila mtaa utauona ukuta uliotobolewa ukatiwa geti la chuma, au banda la gari lililogeuzwa fremu ya duka. Wengi hufanya hivyo kwa kumwita fundi tu, wala hawaulizi mtu. Na sisi hatuna haki ya kuwacheka, kwa kuwa tulifanya vivyo hivyo.

Miaka kadhaa iliyopita kijana wetu alinunua kigari kidogo cha mizigo, kile ambacho vijana hukiita kirikuu. Tukaazimia kukigeuza chumba cha mbele kuwa banda la gari. Chumba hicho chapakana na baraza wanaposomea watoto. Palikuwa na dirisha la futi tatu. Tukataka mlango wa futi tisa. Tulimwuliza fundi juu ya lenta, naye akasema mbao mbili ngumu zatosha, na kwamba zege na nondo ni kupoteza fedha. Nasi kwa kupenda rahisi tukakubali. Kazi ikaisha kwa siku mbili.

Haukupita mwezi akaja mkaguzi wa majengo. Aliutazama ukuta, akatuuliza kibali, tukakosa la kumjibu. Akachora alama ya X kwa rangi nyekundu, akaandika tusimamishe ujenzi. Tulikasirika mno. Tukamdhania kuwa atafuta rushwa, na jambo baya zaidi, tukamsema kwa maneno mazito mbele ya wanafunzi wetu. Watoto wakalishika neno lile, wakawa wakimwona njiani humzomea.

Mvua zilipokuja, ufa ulitokea kwenye pembe ya mlango ukapanda mpaka kwenye kenchi. Usiku mmoja tukasikia kishindo. Ukuta wa juu ya mlango ulikuwa umeanguka, na matofali yamelala juu ya mikeka ya baraza. Lau ingekuwa saa nne asubuhi, mikeka ile ingekuwa na watoto. Mwenyezi Mungu alitusitiri. Asubuhi yake tuliwakusanya wanafunzi wale wale waliotusikia tukimtukana mkaguzi, tukawaambia kwamba yeye alikuwa mkweli na sisi tulikosa. Kisha tukaenda ofisini kwake kumtaka radhi.

Tangu siku ile tulijifunza yale tunayomjibu nayo mzazi wetu wa Kahama. Kibali hakiutazami mlango. Kibali huutazama ukuta unaoubeba mlango, matumizi ya chumba kilicho nyuma yake, na njia iliyo mbele yake. Kwa hiyo, kabla ya kumwita fundi, mtu na ajiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: Je, ukuta utaguswa? Ikiwa mlango wa zamani umeoza au umeshika kutu, nawe waweka mwingine wa kipimo kile kile katika tundu lile lile, hayo ni matengenezo. Vivyo hivyo kubadili bawaba, kitasa, rangi au reli ya geti. Lakini ukipanua tundu, ukiinua kimo chake, ukiondoa nguzo, au ukijenga banda jipya mahali palipokuwa wazi, hapo wajenga. Uzito wa ukuta na bati uliokuwa ukishuka mahali pale sasa wapaswa kubebwa na lenta na kupelekwa pande mbili. Lenta ya futi tatu si lenta ya futi tisa. Unene wake, nondo zake, na urefu unaolala juu ya ukuta kila upande, ni hesabu ya mhandisi.

Na sisi watu wa Shinyanga tuna sababu zaidi ya kuogopa. Sehemu nyingi za nchi yetu zina udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba ukinywa maji, na wakati wa kiangazi husinyaa na kupasuka. Nyumba iliyosimama juu yake husogea kila mwaka, ijapokuwa macho hayaoni. Ukuta wa namna hiyo ukitobolewa ovyo, ufa hautachelewa.

Swali la pili: Je, matumizi yatabadilika? Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haiishii kwenye kujenga na kujenga upya. Yahesabu pia kuwa ni uendelezaji wa ardhi pale mtu anapobadili matumizi ya ardhi au ya jengo. Basi mwenye kuligeuza banda la gari kuwa duka, saluni au gereji ya kuchomelea vyuma, hata asipogusa tofali moja, amefanya jambo linalohitaji ruhusa. Moto, moshi, kelele na wateja havikuwamo katika ramani ya nyumba ya kuishi.

Swali la tatu: Je, utatoka nje ya mpaka wako? Mlango unaofunguka kuelekea njiani humpiga mpita njia. Wengine hufukia mtaro kwa mawe na udongo ili gari lipite, na mvua ikinyesha maji hukosa njia yakaingia nyumbani kwa jirani. Mtaro na barabara za mitaa vina mwenyewe: ni Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017. Huko ndiko kuombwako ruhusa ya kuweka karavati. Na aliye kando ya barabara kuu ajue kwamba, chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi yake hufika mita 30 kila upande kutoka katikati. Mlango mzuri uliojengwa ndani ya hifadhi ni mali iliyotupwa. Kwa ndugu zetu wa Geita twaongeza jambo moja: huko kuna vigingi vya leseni za madini, nayo yafaa kuulizia habari zake katika ofisi ya ardhi kabla ya kutia fedha.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ya Wazungu, na kwamba zamani kila mtu alijenga apendavyo. Waliosoma fikihi wajua kwamba sivyo. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, katika mlango wa suluhu, walizungumza habari za milango na njia karne nyingi kabla ya kuwapo motokaa. Walisema kwamba katika njia ya watu wote haifai kutoa kitu kitakachowadhuru wapitao. Na katika kichochoro kisichotokeza, asiyekuwa mwenyeji wake hafungui mlango wa kupitia ila kwa ruhusa ya wenyeji. Hata mwenye mlango humo, akitaka kufungua mwingine ulio ndani zaidi, wenziwe wana haki ya kumzuia. Basi neno hili la kusema "nyumba ni yangu" lina mpaka wake, na mpaka huo ni dhara la mwenzio.

Huko ng'ambo nako watu wamejifunza kwa msiba. Katika miji mingi ya Marekani, kubadili mlango wa banda la gari kwa mwingine wa kipimo kile kile hakuhitaji kibali, ila kupanua tundu huhitaji. Lakini mwezi wa Agosti 1992 kimbunga kilichoitwa Andrew kiliipiga Florida ya kusini. Wataalamu walipochunguza, waliona kwamba katika nyumba nyingi upepo ulianza kwa kuvunja mlango wa gari, ukaingia ndani, ukainua paa. Kwa hiyo leo katika mji wa Miami hata mlango wa kipimo kile kile hauwekwi bila kibali, nao sharti uwe umepimwa kwa upepo.

Na hapa kwetu tusisahau tarehe 29 Machi 2013, siku lilipoanguka jengo lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, wakafa watu 36. Lilikuwa limefika ghorofa 16, na ilielezwa kwamba ruhusa yake ilikuwa ya ghorofa 10. Habari za siku zile zilitaja watoto waliokuwa wakicheza jirani na msikiti. Hakika jengo lile halifanani na banda la gari, lakini mwenye kuzidisha ghorofa na mwenye kuzidisha mlango husema neno moja: kwamba hapana atakayeona.

Sasa, mtu afanyeje? Aanze kwa ofisi ya mtaa wake, kisha aende halmashauri, idara inayoshughulikia mipango miji na ujenzi. Achukue hati au karatasi za kiwanja chake, na mchoro unaoonyesha ukuta ulivyo na utakavyokuwa, uliochorwa na mtu mwenye ujuzi. Aulize ada ni kiasi gani, alipe na kupewa stakabadhi. Asianze kazi kwa ahadi ya mdomo, angoje karatasi. Aliye kijijini, ambako ardhi ni ya kijiji, aanze na serikali ya kijiji. Na ikiwa kazi ni ya matengenezo tu, bado si aibu kuuliza, kwani swali ni rahisi kuliko kubomoa. Na anayejenga bila kibali aweza kuamriwa kubomoa kwa gharama yake mwenyewe.

Twajua malalamiko ya watu. Husema kwamba ofisini huambiwa njoo kesho, na kwamba wengine hutakiwa chai. Malalamiko hayo yana ukweli, na wenye dhamana watajibu mbele ya Mola wao. Walakini ucheleweshaji wa karani hauipunguzi tofali uzito wake.

Nanyi vijana mnaojifunza uashi na uchomeleaji, twawausia neno. Mwenye nyumba atawaambieni, "Fanya tu, nitawajibika mimi." Msikubali. Yeye hajui lenta ni nini, ninyi mwajua. Na mwekapo geti la kusukuma, msiache kutia kizuizi mwishoni mwa reli, maana geti lililotoka relini humwangukia mtoto aliyekuwa akilisukuma kwa mchezo.

Mzazi wetu wa Kahama alitusikiliza, akapima. Mlango wake wa zamani ni futi nane, na autakao ni futi kumi na moja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nitakwenda." Nasi tukamwombea dua, tukarudi barazani kwetu. Ukuta ule tuliujenga upya, kwa kibali, na lenta yake ni ya zege na nondo. Watoto wakali wakisoma chini yake.

Wabillahi tawfiiq.