Hata Kama Mnunuzi ni Ndugu Yetu

Wewe wa Kayole, Dandora, Majengo: leo ukinunua unga wa kupima kwa kiosk, kumbuka Tana River.

Mwisho wa 2008 ilijulikana kuwa serikali ya Kibaki inaongea na Qatar. Wao wapewe hekta 40,000 kwa Delta ya Tana wakuze matunda na mboga za watu wao. Sisi tupate pesa za bandari ya Lamu. Wiki chache baadaye, Januari 2009, Kibaki huyo huyo akatangaza njaa kuwa janga la kitaifa. Wakenya milioni 10 walikuwa hawana uhakika wa chakula. Hebu piga hiyo hesabu.

Na ardhi haikuwa tupu. Wapokomo wanalima pale. Waorma na Wardei wanapeleka ng'ombe pale kiangazi kikikaza.

Najua mtu atasema, "Si Qatar ni Waislamu wenzetu?" Sawa. Na Waorma je? Dhuluma haiwi halali eti kwa sababu anayefaidika anaswali.

Mpango ule haukufika mbali. Lakini usilale. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mwekezaji hapewi ardhi ya jamii iliyosajiliwa bila thuluthi mbili ya watu wazima kukubali kwenye mkutano. Isiposajiliwa, inabaki mikononi mwa kaunti.

Kwa hivyo leo usiku pigia wazee nyumbani, uliza swali moja tu: ardhi yetu imesajiliwa?