Nunua Nusu, Pika Nusu: Kafyu ya 2020, Mfuko na Kibanda

Wacha nianze na swali. Jana usiku ulikula nini? Usinidanganye, hatuonani. Kama unaishi kwa bedsita pale Makutano au Kooje hapa Meru, au Majimbo na Dallas kule Embu, najua jibu lako ni moja kati ya mawili. Ama ulikula chipsi za kufungiwa kwa karatasi, au ugali na sukuma kwa siku ya nne mfululizo. Na vyote vimekuchosha.

Siandiki kukucheka. Naandika kwa sababu kuanzia Machi 2020 tuligawanyika vikundi viwili, na niliona vyote viwili vikipoteza. Kulikuwa na wale wa "mimi sipiki, nanunua", na wale wa "pesa hakuna, napika kila kitu, kibanda siendi tena". Mimi nilikuwa kwa vyote viwili ndani ya miezi miwili. Nisikize kidogo.

Kwanza tukumbushane tulivyofika hapa. Machi 13, 2020 serikali ilitangaza kisa cha kwanza cha corona Kenya. Wiki iliyofuata shule na vyuo vikafungwa. Kuanzia usiku wa Machi 22 baa zikafungwa, na mikahawa ikaambiwa iuze chakula cha kubeba pekee. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale zikafuata. Mwishoni mwa Aprili mikahawa ikaruhusiwa kufunguliwa tena, lakini kwa masharti ambayo mwenye kibanda cha mabati hangeweza kuyagusa.

Sisi Meru na Embu hatukufungiwa mipaka. Lakini si unajua vile pesa ya hapa inatembea? Somalia ilifungia miraa yetu mlango mwezi huo huo wa Machi, na pesa za Maua na Laare zinapokauka, mjini Meru zinakauka pia. Wanafunzi wakaenda nyumbani, na vibanda vya Nchiru karibu na Chuo Kikuu cha Meru, na vile vya Kangaru karibu na Chuo Kikuu cha Embu, vikabaki vinaangaliana na barabara. Na kafyu ikaua saa nzuri za biashara. Mutura, chipsi, smokie, supu, hizo ni kazi za jioni. Mtu alikuwa anauza kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Wakati wa kafyu, saa kumi na mbili unusu alikuwa anakunja vitu mbio kabla polisi hawajapita.

Sasa mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda. Tangu hapo nakula kwa kuandika, kupiga picha za harusi na kutengenezea watu CV. Machi harusi ziliisha, na nani anaandika CV wakati kampuni zinafuta watu? Mwezi wa Aprili nilichukua mkopo wa simu wa shilingi 1,500. Nataka ujue niliufanyia nini. Sikulipa nyumba. Sikununua stoki ya kuuza. Niliula wote, chipsi na soseji, siku tisa. Siku ya kumi nilikuwa na njaa na deni, na sufuria yangu ilikuwa na vumbi.

Rafiki yangu wa Majimbo, Embu, alifanya kinyume. Yeye alisema atakuwa mwanaume wa kujipanga. Akanunua mahindi kavu na maharagwe kavu, akaanza kujichemshia githeri kwa mtungi wa gesi wa kilo sita. Wale mmelelewa na shosho mnajua githeri kavu inachemka masaa. Gesi iliyokuwa inamfikisha miezi miwili iliisha wiki ya tatu. Kujaza tena ilikuwa karibu elfu moja. Akanipigia simu: "Maze, hii githeri imenikula kuliko nilivyoila."

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria, na jibu halikutoka kwangu. Lilitoka kwa mathe wa kibanda hapa Makutano ambaye alikuwa amenilisha kwa deni tangu mwaka uliotangulia. Nilienda kumlipa nusu ya deni, nikamwambia sitakuwa nakuja tena, nimeamua kupika. Hakukasirika. Aliniuliza, "Utapika nini?" Nikasema madondo. Akacheka. "Wewe utachemsha maharagwe ya mtu mmoja masaa mawili? Chukua yangu yamechemka, kakaange kwako. Hiyo dania na nyanya ziko kwa huyu jirani."

Kikombe cha maharagwe yaliyochemshwa, bila mafuta, bila chumvi: shilingi 30. Nilienda nikakaanga kwa dakika kumi na mbili. Yalikuwa matamu kuliko ya kibanda, na sijisifu, ni vile yalikuwa moto na nilikuwa nimeweka hoho.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Nunua kile kinachokula moto na muda. Pika kile kinachotaka dakika kumi. Mathe anachemsha sufuria kubwa moja kwa makaa, anagawia watu arobaini. Wewe kuchemsha yako peke yako ni hasara. Lakini sukuma, kachumbari, mayai, ugali na chai, kulipia mtu akufanyie ni kumpa pesa ambayo huna.

Ngoja nikupe mifano, usiseme nimeongea tu.

Githeri. Nunua iliyochemshwa, iko karibu kila kona jioni, Gakoromone sokoni imejaa. Nyumbani kaanga kitunguu, nyanya mbili, karoti, kiazi kimoja ukikate vidogo ili kiive haraka, halafu mwaga githeri. Viazi vya Kibirichia na Timau viko hapa hapa kwetu. Mtu wa Meru kulalamika amekosa kiazi ni aibu.

Chapati. Usijidanganye utakanda unga saa moja jioni. Nunua chapo tatu. Pika ndengu. Ndengu haihitaji kulowekwa usiku kama maharagwe, na watu wa Embu mko na bahati, Mbeere inalima ndengu na iko mlangoni mwenu. Pika ya siku mbili, ya kesho ichemshe tena asubuhi na jioni kama huna friji.

Kuku. Robo ya kuku wa kukaangwa ukiila na chipsi, umemaliza kwa dakika tano na bado unaangalia mfupa. Hiyo robo ipeleke nyumbani, ichambue vipande vidogo, itupe kwa sukuma au kabeji inayoiva, weka nyanya. Pika ugali. Hapo wanakula watu wawili, na mfupa unatoa supu.

Chipsi zenyewe. Sisemi uache, mimi siachi. Lakini nunua sahani ndogo, pasha kwa sufuria kavu, pigia mayai mawili juu, kata kachumbari. Watu wa Pwani wamefanya chipsi mayai miaka yote na hawajawahi kutuomba ruhusa.

Mutura, nayo, ile kwa mukimo uone. Siongezi neno.

Sasa hesabu, kwa sababu najua kuna mmoja anasema huyu anaota. Nimeandika yangu kwa kitabu. Nilipokuwa nanunua kila kitu, chai na mandazi asubuhi ilikuwa 50, lunch 100, chajio 150. Siku ni 300, mwezi ni 9,000. Nilipobadilisha, chai nilijipikia, na mandazi mbili nilinunua, jumla 45. Mchana kikombe cha githeri 30 na viungo vya 20, ni 50. Jioni ugali, sukuma iliyokatwa tayari, nyanya, na yai au smokie, kama 60. Siku ni 155, mwezi ni 4,650. Weka na gesi ya kama 500 kwa mwezi. Bado niliokoa 3,850. Hizo ni bei za 2020, za kwako zinaweza kuwa tofauti, lakini fanya yako uone. Hiyo 3,850 ndiyo ililipa ule mkopo wangu, na ikabaki.

Na angalia kitu kingine kwa hiyo hesabu. Mandazi, githeri, sukuma ya kukatwa, smokie: karibu kila mlo una shilingi inayoenda kwa mtu wa mtaani. Sijamhama mathe. Nimebadilisha tu ninachonunua kwake.

Hii sehemu ndiyo inaniuma, ndugu yangu. Tunapenda kusema "support local" mitandaoni, halafu kafyu ilipokuja wa kwanza kuachwa alikuwa yule aliyetulisha tukiwa hatuna kitu. Kibanda hakina akiba ya benki. Hakina mkataba. Kikikosa wateja wiki tatu, mabati yanauzwa na mwenye nacho anarudi shambani. Na corona ilipopita, wewe ungemkuta nani saa saba mchana ukiwa na shilingi 50? Mathe wangu alikuwa anapika sufuria mbili kubwa za githeri. Kafyu ilipokuja ikawa moja, na siku zingine haikuisha. Nilimwambia pole. Akasema, "Pole siuzi. Nunua kikombe."

Mambo ya usafi sasa, kwa sababu hatukukimbia corona tukalale na kipindupindu. Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna ushahidi kwamba watu wanapata corona kupitia chakula chenyewe. Hatari ilikuwa foleni, kukaribiana na mikono. Kwa hivyo wakati huo tulivaa barakoa na kusimama mbali. Nawa mikono ukifika nyumbani na kabla hujala. Beba bakuli lako lenye kifuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, na gazeti la jana si sahani. Chakula ulichonunua kipashe moto hadi kitoe mvuke vizuri, si kile cha vuguvugu. Na wali uliolala nje usiku mzima, hata kama ni pishori ya Mwea ya bei, utupe tu. Kuupasha hakukuokoi.

Agiza mapema pia. Pigia mathe simu saa tisa au saa kumi, mwambie akuwekee. Mwaka 2020 kutuma pesa kwa M-Pesa hadi shilingi 1,000 kulikuwa bure kuanzia Machi, kwa hivyo tuliweza kutuma ya kikombe tukiwa kwetu. Yeye anajua apike kiasi gani, wewe hukimbizani na saa. Wakati wa kafyu biashara yake ya usiku ilikufa, lakini ya alasiri tuliweza kuifanya sisi.

Najua kuna ndugu zangu hapa wanasema mwanaume wa Kimeru haingii jikoni. Sawa. Jikoni yako iko wapi? Kwa bedsita jiko, kitanda na mlango viko hatua mbili. Umeshaingia jikoni ukifungua mlango. Na nani atakupikia? Rafiki yangu wa Embu sasa anakaanga githeri ya kununua akivaa vesti, anaimba, jirani wanagonga kuuliza ni nini kinanukia. Hakuna aliyemnyang'anya uanaume.

Na dada zangu, hii si barua ya kuwaambia mwapikie majirani wavivu. Akija na sahani, mpe kisu na kitunguu.

Wakati huo sikujua kafyu itaisha lini, na sikujifanya najua. Ninachojua ni kwamba leo ikifika saa kumi jioni, kuna mama ana sufuria ya githeri imeiva na anaangalia barabara. Una pesa ya kikombe? Una kitunguu kimoja? Beba bakuli, nenda sasa.