Mnaposti "Songa Mbele" na Goob Mmemruka

Kila baada ya miezi kadhaa kipande kile kile kinarudi kwenye status. Dogo wa miwani, nywele zimesimama kama kapigwa shoti, anaushangaa mji wa miaka ijayo unaong'aa, na juu yake mtu kaandika kwa herufi kubwa: SONGA MBELE, YALIYOPITA YAMEPITA. Leo kakiposti dada anayeuza abaya mtandaoni. Kesho msanii aliyegombana na meneja wake. Keshokutwa mshauri wa ndoa mwenye wafuasi wengi kuliko siku alizokaa kwenye ndoa. Majina siyataji, mnawajua kuliko mie. Ninalotaka kuwaambia ni moja tu: filamu mmeiangalia nusu, halafu mnatusomesha sisi tulioimaliza.

Kwa asiyeijua, ni Meet the Robinsons, katuni ya Disney ya mwaka 2007, imeongozwa na Stephen Anderson na imetokana na kitabu cha watoto cha William Joyce. Lewis aliachwa akiwa kichanga mlangoni mwa kituo cha kulelea watoto, usiku, mvua inanyesha. Amekua, ana akili za kuunda mashine, ila kila familia inayokuja kumtazama inaondoka bila yeye. Anaunda mashine ya kuchimba kumbukumbu zake mwenyewe ili amwone mama aliyemwacha. Hapo ndipo anapotokea Wilbur, kijana anayedai katoka miaka ijayo, anampakia kwenye chombo cha kusafiria kwenye wakati. Nyuma yao kuna jamaa mrefu, mwembamba, na kofia nyeusi ya duara, kaja kuharibu kila kitu. Mwisho wake nitausema wote. Filamu ina zaidi ya miaka kumi na tano, mlikuwa na muda wa kutosha.

Tuanze na haki yake, maana filamu ni nzuri na sitaki kuidhulumu.

Nyumba ya akina Robinson ndiyo inayotushika sisi. Babu kavaa nguo nyuma mbele na anatafuta meno yake ya bandia. Ndugu wawili mapacha wamekaa kwenye vyungu vya maua mlangoni, kila mmoja anataka mgeni abonyeze kengele ya kwake. Mama anafundisha vyura kuimba. Mtumishi wa nyumba ni pweza, ambaye kwetu asingefika sebuleni, angeishia kwenye tui la nazi. Mtoto wa Mtambwe au Kojani akiiona nyumba ile hashangai hata kidogo. Ondoa vyura na roboti, ni nyumba za kwetu zile: bibi, ami, mke wa ami, shangazi aliyerudi kwao, na watoto ambao huna hakika ni wa nani, wote sinia moja. Mzungu anaicheka kama familia ya vichaa. Mpemba anaona ndugu zake.

Halafu kuna ile meza ya chakula. Lewis anajaribu kutengeneza mashine ya kurusha siagi ya karanga na jemu, inaharibika, inawalipukia wote usoni. Anasubiri kugombezwa. Badala yake ukoo mzima unampigia makofi, kwa kuwa amekosea na sasa kajua kitu ambacho hakukijua. Yakhe, hebu linganisha na siku ya matokeo ya kidato cha nne hapa kwetu. Aliyefeli hatoki nje hadi magharibi. Jirani anamuuliza mama yake dukani, kwa sauti, "kwani wako kapata ngapi?" Tukio lile moja mzazi wa Kipemba angelitazama mara mbili, lingesaidia kuliko semina.

Sasa kasoro.

Ya kwanza, kelele. Katikati filamu inakurushia ndugu mmoja baada ya mwingine kwa kasi hadi huna muda wa kumpenda yeyote. Mmoja anapeleka piza angani, mwingine anajirusha kwa mzinga, umeshasahau wa tatu alikuwa nani. Kisha anaingia dinosaria. Kuna dakika kadhaa hapo unaweza kwenda kuchota maji ukarudi na hujapitwa na kitu.

Ya pili, hesabu za wakati hazikai. Ile kofia ina akili, inaitwa Doris, na ni uvumbuzi wa Lewis mwenyewe akiwa mtu mzima. Mwishoni Lewis anaiambia tu kwamba hataiunda kamwe, nayo inatoweka papo hapo. Sawa. Kama Doris hajawahi kuwepo, nani aliyemshika mkono jamaa wa kofia wakaiba chombo? Kama chombo hakikuibwa, Wilbur alimfuata Lewis kwa ajili gani? Na kama Wilbur hakuja, Lewis alijuaje kwamba asiiunde Doris? Mtoto wa darasa la tano ataliuliza hilo, na filamu inamjibu kwa muziki.

Ya tatu inatugusa zaidi. Lewis anachukuliwa na familia mpya, na jina nalo linabadilika: sasa ni Cornelius Robinson. Filamu inalichukulia kama zawadi. Huku kwetu, ambako wengi ni Waislamu, kumlea mtoto asiye wako ni jambo tukufu, na nyumba nyingi za Pemba zina mwana wa kulea. Lakini tunamlea na nasaba yake anabaki nayo, anaitwa kwa jina la baba yake, kwa sababu ni haki yake na si yetu kuifuta. Kwenye filamu baba wa Lewis hakuna hata anayemuuliza, na mama tunamwona mgongo tu. Mtoto anaambiwa asitake kujua. Mie hapo nilikwama, na sidhani kama niko peke yangu.

Ila hizo zote ningezisamehe. Kisichosameheka ni mnavyoitumia.

Mnakumbuka jamaa wa kofia ni nani? Ni Goob. Ni mtoto aliyekuwa akilala chumba kimoja na Lewis kule kituoni. Lewis alikesha usiku akigongagonga mashine yake, Goob hakupata usingizi. Kesho yake Goob ana mechi ya besiboli, anasinzia uwanjani, mpira wa mwisho unampita, timu inafungwa, wenzake wanampiga. Hakupona. Alikua na uchungu ule, akabaki peke yake kwenye kituo kile hata baada ya kufungwa, hadi akakutana na Doris.

Sasa tazama Lewis anafanya nini mwishoni, mara mbili, na mambo mawili tofauti.

Kwanza, Wilbur anampeleka hadi usiku ule wa mvua. Mama yake yuko mbele yake. Mkono wa Lewis umeshanyooka kumgusa bega. Anaurudisha. Anamwacha aende. Hilo ni jeraha lake yeye, alitiwa yeye, na anaamua mwenyewe kuliacha nyuma.

Pili, anarudi kwenye zama zake na hapumziki. Anakimbia uwanjani, anampigia Goob kelele aamke. Goob anaamka, anaudaka mpira. Hilo ni jeraha alilomtia mwenzake, na hilo hakuliacha nyuma. Alirudi kulitibu kwa mikono yake.

Kwa hiyo ile kaulimbiu, ambayo filamu inatuambia imetoka kwa Walt Disney mwenyewe, hadithi yenyewe haiikubali yote. Lililokuumiza wewe, una ruhusa ya kulipita. Ulilomuumiza nalo mtu, rudi kwanza. Nyinyi mmeigeuza kichwa chini miguu juu. Mliyoyafanya mnayapita mbio, na mliowaumiza ndio mnaowaambia wasonge mbele.

Chukua yule kaka maarufu, sitamtaja, mwenye picha za Forodhani kila Ijumaa na suti mpya kila Idi. Kaposti kipande cha Lewis na maneno matamu kuhusu kutobeba mizigo ya jana. Mizigo yenyewe ina miguu, yakhe. Ni watoto, wanalelewa na bibi yao shamba, na mama yao ni mmoja wa wale wanaokwenda Mahakama ya Kadhi kudai matunzo, anaambiwa njoo wiki ijayo. Huyo si Lewis. Kwenye hadithi yake yeye ndiye aliyekesha akigonga mashine, na kuna Goob watatu wamesinzia darasani kwa njaa. Makopa aliyaposti watu elfu mbili.

Tunayo methali yetu hapa, haijasubiri Disney: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali nzuri. Lakini sikilizeni ni nani anayeisema. Ikisemwa na aliyeumizwa, ni subira na inampa heshima. Ikisemwa na aliyeumiza, ni njia ya kukwepa deni.

Mnataka mfano mzito? Muulize Mpemba mtu mzima, akipewa chombo kile cha Wilbur, angerudi siku gani. Wengi hawatafikiri mara mbili. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilitoka Unguja kuja Pemba, imejaza watu na mizigo kupita uwezo wake, ikazama mkondo wa Nungwi. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na wapo wengi ambao bahari haikuwarudisha. Mwaka haujatimia, Julai 18, 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar kwenda Unguja. Mama aliyepoteza watoto akisema "nimemwachia Mungu", nyamaza, huo ni moyo wake. Lakini mtu mwenye dhamana ya kuhesabu abiria gatini akisema "tusahau, tusonge mbele", huyo hajasonga popote. Kusonga mbele kwake ni kuhesabu abiria leo. Hawezi kuurudia usiku ule, lakini kila boti inayong'oa nanga ni mpira mwingine wa Goob.

Na hapa ndipo filamu yenyewe ilipojikwaa kidogo. Goob mdogo anaudaka mpira, vizuri. Goob mkubwa, yule aliyeishi uchungu ule miaka yote, anaondoka peke yake kimya kimya, na filamu inaharakia furaha ya wengine. Waliotengeneza walijua deni lipo, ila hawakuwa na subira ya kukaa naye. Kama wao waliteleza, sishangai nyinyi mmeanguka kabisa.

Najua mtaniambia, "we nawe, katuni ya watoto hiyo." Ndiyo maana nasema. Mtoto wa Wete au Mkoani anaiona kwa Kiingereza kwenye simu ya kaka yake, bando likikaribia kuisha. Vichekesho anavielewa kwa macho, na maneno mawili ya mwisho anayapata kwa yeyote aliyeyaposti. Akikua anajua kwamba ukikosea unapiga hatua, basi. Hakuna aliyemwonyesha kwamba yule dogo wa miwani, kabla ya tuzo, kabla ya familia mpya, kabla ya mji unaong'aa, alipitia uwanjani kwanza.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mkitaka kuposti tena, postini na kile kipande cha uwanjani. Na kabla hujabonyeza, jiulize nani anasinzia kwa sababu yako, halafu umpigie simu yeye kwanza.

Haya, uwanja wenu. Wa kunitukana atukane, ila aniambie kwanza filamu aliimaliza.